Nyumba ya Sufuria Mbili

Gilbert Mwakio hakuwahi kumuuzia mtu nyama ya punje. Hiyo ilikuwa sheria yake tangu alipoanza kuchinja nguruwe Mbololo, na hakuivunja hata Krismasi, foleni ikifika barabarani. Akipasua nyama akakuta vile vifuko vyeupe kama punje za mchele, aliitoa mezani mbele ya wateja wote.

"Baba Lynn, si unipe mimi hiyo ya kutupa?" Crispus wa bodaboda alikuwa akimtania. "Tumbo langu ni tanuri."

"Tanuri lako lipikie maharagwe. Mimi siuzi ugonjwa."

Watu walimsifu, naye alipenda kusifiwa. Wasilolijua ni kwamba nyama ile hakuizika. Aliona ni dhambi kutupa chakula mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha. Aliibeba nyumbani, akaibanika juu juu, akaila peke yake, ndani ingali nyekundu. Aliogopa kumdhulumu jirani. Mwili wake aliuona kuwa mali yake, aufanyie atakavyo. Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwenye nyumba hana mwili wa peke yake.

Mkewe, Mkamburi, alikuwa amelelewa Kisabato. Nyama ya nguruwe hakuila wala kuigusa, kwa hiyo jikoni mwao mlikuwa na sufuria mbili na visu viwili, na Gilbert alilishika katazo hilo kuliko hata mwenye dini. Mkamburi akirudi shambani amechoka, mumewe ndiye aliyemkatia kachumbari, kwa kisu chake kisafi, kwenye sahani yake safi. Kisu kilikuwa safi kweli. Maji ya kunawa ndiyo yaliyobaniwa, kwa kuwa yaliletwa kwa mitungi kutoka mbali. Akitoka chooni, Gilbert alilowesha ncha za vidole tu, akaendelea na kazi.

Miaka ikapita hivyo. Kisha Mkamburi akaanguka sokoni Voi, katikati ya nyanya zake, akitupa mikono na miguu, povu likimtoka mdomoni. Ndugu zake walisema ni pepo. Gilbert akakataa, akampeleka hospitali, ambako Mkamburi alipigwa picha ya kichwa. Daktari Kasiva aliiinua ile picha dirishani, na Gilbert akaona ubongo wa mkewe umejaa vidoa. Hakuhitaji kuelezwa. Aliwahi kuviona mara nyingi mezani pake.

"Ni vifuko vya minyoo wachanga wa tegu," daktari alisema.

"Lakini mimi sijala nguruwe tangu nizaliwe, daktari," Mkamburi alisema. "Muulize huyu."

"Aliyekula ni mwingine, mama. Anayekula nyama ya punje isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu humtoka chooni, yakabaki mikononi, na mikono ikagusa chakula cha mwenzake. Nani huandaa chakula kwenu?"

"Napika mwenyewe. Ila kachumbari hunikatia baba Lynn," Mkamburi alijibu kwa upole, kama mke anayemsifu mumewe kwa wageni.

Gilbert alikaza macho sakafuni. Kisha akasema, "Basi waue. Mpe dawa leo, wafe wote."

"Sikiliza, mzee. Mnyoo akiwa hai hujificha. Chembe za kinga, wale askari wa mwili, humpita bila kumtambua. Akianza kufa, maficho yake yanavunjika. Hapo askari wanamtambua mgeni, wanamvamia kwa wingi, na vita hivyo vinavimbisha ubongo. Ndivyo vilivyomwangusha sokoni. Wangekuwa wawili watatu, ningempa dawa ya kuwaua pamoja na ya kuwatuliza askari. Hawa hawahesabiki. Nikiwaua kwa mpigo, kinga yake mwenyewe itamwua."

"Sasa tufanye nini?"

"Tutulize uvimbe, tuzuie kifafa, tungoje."

"Tungoje nini?"

"Wafe mmoja mmoja," daktari alisema. "Tuombe wasife pamoja."

Tegu la Gilbert lenyewe lilitibiwa kwa vidonge vichache, likaisha. Alirudi Mbololo mzima kama jiwe. Aliuza nguruwe zake, akazika visu, akanunua sabuni na kunawa hadi kiwikoni, mikono ikachubuka. Sabuni ile ilikuwa imechelewa miaka mingi.

Kila mnyoo aliyekufa aliondoka na kitu. Mkamburi alisahau njia ya shambani. Akaanza kumwita Lynn, binti yake, kwa jina la marehemu mama yake. Jioni aliketi mlangoni na kumwuliza mumewe, "Leo hunikatii kachumbari? Umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia, mama Lynn."

"Basi kata. Yako ndiyo tamu."

Gilbert alijaribu mara moja. Alishika nyanya, akaiacha juu ya meza na kutoka nje. Lynn ndiye aliyeikata.

Mvua za vuli zilipoanza, minyoo wengi walikufa kwa pamoja, kama daktari alivyoogopa. Kichwa kilimwuma Mkamburi hata asivumilie mwanga, kisha macho yakazima. Dawa za uvimbe hazikuwaweza askari. Alizikwa kwao, na ndugu zake hawakumpa Gilbert mkono kaburini.

Nyama aliyoona ni hasara kuizika ilimgharimu Gilbert mkewe: akili kwanza, kisha macho, kisha uhai.