Mkono wa Kushoto wa Minza

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, na hadi leo inanitia aibu. Ni miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia huku Bariadi, kila mmoja na mizani yake. Zamani tulikuwa na ushirika tu, tunangoja zamu. Sasa ikawa haraka tupu, kila mtu anataka pamba yake itoke shambani kabla ya ya jirani.

Mama yako Minza nilikuwa nimemtoa kwao Kimali mwaka uleule. Ni wa mashoto, unamjua. Akichuma, mkono wa kulia unashika kitumba, wa kushoto unanyofoa pamba yote, jani hulioni. Lakini watu wakaanza kunong'ona kwamba mke wa mashoto anakaribisha mikosi shambani. Nami ujana ulinizidi, nikamwambia kuanzia leo mkono wa kulia uchume, wa kushoto ushike.

Mikono yake ikaanza kugombana. Wa kulia unavuta kabla wa kushoto haujashika. Vidole vikachanika kwa vitumba vikavu, pamba ikajaa majani, nami namgombeza. Siku ya tatu akafunga khanga zake.

"Narudi kwa baba," akasema. "Kule mikono yangu haina kosa."

Marehemu mama yangu alikuwa uani, akamwomba angoje kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

"Kafunge maksai mkokotenini, upeleke pamba. Ila leo Madoa akae kulia, Kahawia kushoto."

"Mayu, mama yangu, hawataenda. Madoa amezoea kushoto."

"Wewe funga."

Mama habishiwi. Nikafunga. Hata hatua kumi hatukufika. Mmoja anasukuma ndani, mwingine anarudi nyuma, nira ikapinda, magunia yakaanguka.

"Ng'ombe wako unajua kila mmoja ana upande wake," mama akasema taratibu. "Mkeo hujui. Ulidhani unanyoosha mkono mmoja, umeharibu yote miwili."

Nikaiacha nira pale pale. Nikamfuata Minza, nikamwambia nimekosa. Akasema kwa kosa moja mume haachwi, ila la pili ataondoka hata bila khanga. Akarudi shambani na mkono wake wa kushoto mbele, na jioni ile gunia lake lilijaa kuliko langu.

Sasa jana, mwanangu, nilikuona ukimchapa mwanao Kabula vidole kwa sababu ameshika kijiko kwa kushoto. Akahamisha mkono, uji ukamwagika, ukamchapa tena. Mama yako aliinuka akatoka, hukumwona. Mimi nilimwona, na iliniuma.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Yote miwili inafanya kazi, mmoja unatangulia, mwingine unashikilia, na upi utangulie anajua mwenye mikono. Mfundishe mtoto kupokea kitu kwa mikono miwili, hiyo ni heshima yetu. Mkono wake usimnyang'anye. Nenda ukamwombe radhi, mzazi hapungui kwa hilo, mimi sikupungua.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na ile midogo ya Kabula, ishike na isidondoshe. Na ukipita jikoni msalimie mama yako. Mkono uliokulisha wewe uji ulikuwa wa kushoto.