Nilipouacha Mkono Wangu Mezani

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, mwanangu, ambayo hata leo nikiifikiria nacheka kwanza, ndipo aibu inafuata.

Usishangae nikijiita mzee. Katika kazi hii ya kompyuta unayoianza, mtu aliyevuka hamsini anahesabiwa pamoja na mababu wa ukoo. Vijana wa Bukoba mjini wakiniona naingia ofisini kwao wananipisha kiti hata kama sijachoka, nami nakaa, maana heshima haikataliwi. Lakini wakati ninaousema nilikuwa binti, sijaolewa, mwepesi wa miguu na wa mdomo, na nilidhani hakuna mtu Kagera nzima anayejua mashine kunishinda mimi.

Nilifanya kazi katika ofisi ndogo iliyogawa miche safi ya migomba. Mnyauko ulikuwa umeingia Muleba. Ninyi mmekulia kwenye migomba iliyopona, hamjui tulivyolia. Jani linageuka njano, mkungu unaiva kabla ya siku zake, ukikata shina linatoka usaha, na dawa yake ni kung'oa tu. Kule Kishanda, alikonilea bibi yangu, kaya arobaini na mbili zilikuwa zimeng'oa vibanja vyao, mashamba ya migomba ya nyumbani, na kubaki na udongo mtupu mbele ya mlango. Gari la miche lilikuwa lije Jumamosi. Mche uking'olewa hausubiri, ukikaa juani siku chache umekwisha. Asiyekuwa kwenye orodha siku hiyo angerudi nyumbani mikono mitupu, na zamu nyingine haikujulikana ni lini.

Orodha hiyo niliitunza mimi. Ilikaa kwenye seva Dar es Salaam, nami niliifikia nikiwa Bukoba kwa ufunguo wa siri. Usifikirie ufunguo wa chuma. Ni faili ndogo, nayo nilikuwa nimeifunga kwa neno la siri refu kama sala ya jioni. Kila asubuhi niliandika neno lile mara moja, ufunguo ukafunguka, ukakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta chini ya ulinzi wa programu tuliyoiita wakala. Kuanzia hapo seva ikiuliza, "Ni nani wewe?", wakala alijibu kwa niaba yangu. Ufunguo wenyewe hakumpa mtu, hata seva hakuipa. Alithibitisha tu kwamba ni mimi. Mpango mzuri kabisa, mwanangu, na mpaka leo ninautumia.

Basi Alhamisi ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nimefika ofisini, nimeandika neno langu la siri, wakala ameamka, mara nasikia kelele nje: "Senene! Senene wameanguka!" Nyasi zote nyuma ya ofisi zilikuwa za kijani zinazoruka. Niambie, ni Mhaya gani angebaki kwenye kiti? Nilivua kilemba nikakigeuza mfuko, nikatoka mbio na kiatu kimoja. Mkubwa wetu wa kazi alikuwa amenitangulia, amepiga magoti kwenye majani na suruali yake ya kwenda mikutanoni.

Ndani alibaki mtu mmoja, Neema, mtaalamu wa miche, mwenyeji wa Dodoma. Yeye alikuwa amekwisha apa kwamba mdudu hatamla mpaka kufa kwake. Akasema moyoni, ngoja niwafae hawa wanaokimbizana na panzi. Tulikuwa na seva mbili, moja ya kweli na moja ya majaribio, na kwenye ile ya majaribio kulikuwa na orodha ya uongo niliyomfundishia. Akaona aifute, isije ikatuchanganya Jumamosi. Kompyuta yake ilikuwa nzito siku hiyo, akakaa kwenye yangu. Akaandika jina la seva, akakosea, akaandika ile ya kweli. Angekuwa kwenye kompyuta yake, seva ingemkatalia pale pale, maana hakuwa na ruhusa. Lakini kwenye yangu wakala alikuwa macho, na kazi yake ni kujibu. Seva ikauliza, "Ni nani?" Wakala akajibu, "Ni mwenyewe." Neema akafuta.

Nilirudi na kilemba kinachotikisika, nikamkuta amesimama kando ya kiti changu.

"Dada," akasema, "nadhani nimefuta Kishanda."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla sijaingiza majina ya Kishanda. Na daftari nililoandikia majina kule kijijini? Kwa kujiamini kwangu nilikuwa nimeshampa mama muuza karanga afungie karanga zake. Tulimkimbilia tukapata karatasi moja, majina manne na chumvi. Nilipofungua kitabu cha seva kinachoandika nani kafanya nini, kilikuwa na jina langu, saa na dakika. Kwa seva ile, aliyefuta ni mimi.

Mkubwa wetu hakugomba. Alisema tu, "Jumamosi gari linakuja," akarudi kunyonyoa mbawa za senene wake. Heri angegomba.

Mchana huohuo tulipanda basi kwenda Muleba, mimi na Neema, kilemba changu cha senene kwenye mapaja. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyo mjukuu alikuwa anarudi kwa bibi yake. Bibi Paskazia ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha akina mama wa Kishanda. Kama kuna mtu angenisaidia ni yeye. Tulipopita Izigo nikaona vibanja vimesimama vizuri, majani mapana, nikageuza uso upande wa pili nisivitazame.

Bibi alitupokea kwa shangwe, akaona senene, shangwe ikaongezeka. "Zamani," akamwambia Neema, "sisi wanawake tulikamata tu, wanaume ndio waliokula. Siku hizi nakula hata fungu lao!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanitazama. "Wewe una jambo. Sema."

Nikamweleza. Habari ya wakala ilinisumbua kidogo, mpaka nikakumbuka kisu chake. Wakati wa mnyauko kisu ndicho kilichobeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, na jirani akija kuazima, bibi hakumpa. Alimwambia, "Sema unataka kukata nini, nitakuja kukikata mwenyewe." Alikwenda, akakata, akakipitisha kisu motoni, akarudi nacho. Watu walimwita mchoyo. Hakujali.

"Wakala ni kama wewe, Bibi," nikasema. "Haazimi kisu. Anakwenda kukata mwenyewe."

"Huyo ana akili," akasema. "Na ulipotoka kwenda senene, ulimwambia apumzike?"

"Sikumwambia."

"Na mlango?"

"Niliuacha wazi."

Akaendelea kung'oa mbawa. Neema akaanza kulia, akasema kosa ni lake. Bibi akamshika mkono.

"Bojo, tafadhali, usilie, mwana wange. Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mnajua mnyauko uliingiaje kwangu? Siku ya msiba wa jirani nilikisahau kisu kwenye ua wangu. Mara moja tu, waitu. Mtu mwema alikiona, akasema nimsaidie mama huyu, akanikatia majani makavu yote, akakirudisha pale pale. Kumbe kabla ya hapo alikuwa amekichukua akakata nacho mgomba mgonjwa kule msibani. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Kisu hakimuulizi anayekishika ni nani."

Kisha akanigeukia mimi, na hapo sauti ikawa ile aliyokuwa akinichapia nayo utotoni. "Wewe ulidhani umeacha kisu mezani. Hukuacha kisu. Uliacha mkono wako. Kila atakayekaa pale anakata kwa mkono wako, na lawama ni yako."

Nimepewa mafunzo mengi tangu siku hiyo, mwanangu, nimekaa hotelini nikafundishwa na watu wenye vyeti. Hakuna aliyenieleza vizuri kuliko vile.

Penye wazee haliharibiki neno. Bibi alivuta ungo mweupe, akafumba macho, akaanza kutembea njia za Kishanda kichwani mwake. Alianzia kanisani, akashuka bondeni, akapanda upande wa pili, mlango kwa mlango. "Ma Koku, miche thelathini, ya kupika. Ta Rwegoshora, ishirini, na ya pombe asikose, la sivyo hatatuacha tulale." Kila kaya aliweka senene mmoja kwenye ungo, Neema akaandika, mimi nikanyonyoa mbawa. Alipokosea njia alirudi nyuma akaanza tena. Tulicheka sana jioni ile, maana kila nyumba ilikuja na kisa chake.

Alipomaliza tukahesabu senene. Arobaini na mmoja.

Akatembea tena njia zote. Arobaini na mmoja. Tukalinganisha na karatasi ya karanga, majina manne yote yamo. Nyumba moja ilikuwa inapotea, na Jumamosi mtu mmoja angesimama mbele ya gari na jembe lake bila mche. Bibi alikuna kichwa, akataja hata marehemu.

Ni Neema aliyeinua uso, akatazama mlangoni, kwenye ule udongo mtupu.

"Bibi," akasema, "na wewe?"

Bibi Paskazia alishangaa, kisha akaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Izigo. Alikuwa amewakumbuka wote, amejisahau yeye. Akachukua senene wa mwisho, akamweka kwenye ungo.

Senene wale tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Neema alikula mmoja kwa kufumba macho, wa pili kwa kufumbua, na wa tatu hakuomba ruhusa. Jumamosi gari lilikuja, kaya arobaini na mbili zikapokea miche, na mche wa kwanza wa bibi niliupanda mimi. Mpaka leo chipukizi zake zimesimama pale, na nyingine iko nyuma ya nyumba yangu hapa Ijuganyondo. Mkungu ulioula ulipokuja kunitembelea ulitoka kwenye uzao huo.

Basi sikiliza. Funga ufunguo wako kwa neno refu, usitumie jina la mpenzi wako, maana majina hayo yanabadilika. Ukiufungua, mkabidhi wakala autunze kwenye kumbukumbu, tena umwekee muda: saa zikipita, ausahau mwenyewe. Ukiinuka kwenye kiti, funga kioo cha kompyuta na umfunge wakala, hata kama unakwenda msalani, hata kama senene wameanguka. Hasa kama senene wameanguka! Siku ikiisha, toa ufunguo kwenye kumbukumbu kama bibi alivyopitisha kisu motoni. Na ukiingia mashine ya watu wengine kutoka kompyuta yako, usimburuze wakala wako nyuma yako kama huwaamini wenyeji wake, kwa sababu mwenye mashine ile anaweza kumtuma ajibu kwa jina lako. Kisu hakitembei kibanja hadi kibanja. Weka nakala pia, maana akiba haiozi, na daftari usimpe muuza karanga kabla ya wakati.

Wala usimwogope mtu mbaya peke yake. Mlango wazi humponza hata rafiki yako, aliyekaa kwenye kiti chako kwa nia njema kabisa. Neema nilimkosea mimi kabla yeye hajanikosea.

Mungu akupe mkono mwaminifu na akili ya kujua umeuacha wapi. Akupe marafiki wa kukusaidia na wazee wa kukukumbushia njia. Na ukiwakumbuka wote, mwanangu, apatikane mtu wa kukuuliza: na wewe?