Maiki ya Mjomba

Wakati ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu Morogoro alikuwa anauza kitu. Kiwanda chetu kilipata mmiliki mpya, bendi ya kiwanda ikavunjwa, vyombo vikachukuliwa, na mimi niliyekuwa fundi mitambo wa bendi nikabaki na masikio yangu tu. Nikashuka Dar, nikarudi na mixa ya mtumba ya kuchanganyia sauti na spika mbili kubwa, nikaanza kukodisha muziki. Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa Kinole, sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yangu mpiga gitaa.

Tulikuwa naye bendi moja. Mtu wa Songea, mpole mpaka anakera. Alichobaki nacho ni gitaa kavu la mbao, kalitia kinasa sauti ndani, na amplifaya ndogo ambayo kitambaa chake cha mbele alikishona kwa uzi wa gunia. Shida yake alinieleza tukiwa njiani tunapanda mlima. Mkewe ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Anayesimama kumuaga binti ni mjomba. Baba anakaa, anakula, anashukuru.

"Mimi pale sina maneno," aliniambia. "Nina wimbo tu."

Wimbo wenyewe niliujua. Alikuwa akimbembelezea binti yake usingizi kule nyumba za kiwanda, nasi majirani tukiusikia ukutani. Alitaka usikike uwanja mzima, mara moja tu, kabla mtoto hajaondoka. Nikamwambia aniachie mimi.

Tulifika mvua imeshatutandika. Nilikuwa na maiki mbili. Moja ilikunywa maji ikafa. Iliyobaki ilikuwa ya mshereheshaji, na zaidi ya wote ya mjomba, kwa hotuba yake. Nikawasha jenereta, nikaanza kuunganisha.

Kwanza nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mixa. Lahaula! Sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anagonga kopo tupu. Rafiki yangu akatikisa kichwa. Akasema sauti ya gitaa lake inapikwa ndani ya ile amplifaya, na binti yake anaijua hiyo, si nyingine. Alisema kweli. Nikageuza amplifaya, nikaitazama mgongoni. Tundu la kutolea sauti lilikuwa moja tu, nalo ni la kusukumia spika ya nje. Kuiunganisha nguvu ile na mixa ni kumimina ndoo ya maji kwenye glasi. Kabla sijamweleza, mwenyewe ameshachomeka waya. Taa nyekundu zikawaka zote, spika zikakoroma, kuku wakatawanyika, mama mmoja akaachia sinia la pilau. Nikauchomoa ule waya huku nikilaani mvua, jenereta na aliyeitengeneza amplifaya ile, popote alipo.

Ikabaki njia yetu ya zamani ya bendi: unaweka maiki mbele ya spika ya amplifaya, inaidaka sauti kama ilivyo na kuipeleka kwenye mixa. Nikamwomba rafiki yangu ruhusa nichukue maiki. Baba wa bibi harusi, si ndiye mwenye shughuli? Akanitazama kama nimemtuma akaibe.

"Ile si yangu," akasema. "Ni ya mjomba."

Kwani mimi naogopa mjomba wa mtu? Nikaenda. Alikuwa mkulima wa karafuu na mananasi, mrefu, suti ya kijivu imekaa vizuri, amezungukwa na ukoo wake. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akaniuliza yeye atasemea nini. Nikamwambia wimbo ukiisha atarudishiwa. Akauliza kwa nini shemeji yake hakuja mwenyewe. Nikamjibu ukweli, kwamba anajiona hana haki ya kuomba. Akageuka kumtafuta shemeji yake kwa macho. Tukamtazama wote wawili, kule pembeni, anaifuta amplifaya kwa leso ilhali ilishakauka zamani. Nilimhurumia sana.

Stendi ya maiki nilikuwa nimeisahau kule mjini, Msamvu, mjinga mimi. Sasa nani ataishika? Mjomba akaipokea maiki kwa mshereheshaji, akavuka uwanja, akapandisha suruali kidogo magotini, akachuchumaa kwenye tope mbele ya amplifaya. Mtu mzima, msemaji wa ukoo, amechuchumaa mbele ya mtu aliyeoa kwao! Nikamwashiria kwa mkono asogee, pembeni kidogo, hapo hapo. Akatii. Nikapandisha sauti polepole.

Rafiki yangu akapiga. Ilitoka sauti ileile ya ukutani, ila sasa ilikuwa kubwa na ilijaza bonde. Binti alikuwa amefundwa asiinue macho siku ile. Akayainua, akamtafuta baba yake, akalia waziwazi. Na mimi nikalia juu ya mixa yangu, wala sikuona haya.

Wimbo ukaisha. Mshereheshaji akaja mkono wazi kudai maiki, akitangaza kwa sauti yake tupu kuwa sasa ni zamu ya mjomba kumuaga mpwawe. Mjomba hakuinuka. Maiki hakuiondoa pale mbele ya amplifaya.

"Shemeji," akasema, na spika zikaipeleka sauti yake uwanja mzima, "rudia."