Ukuta Unapokwisha

Fundi wa mabango aliyenipangisha chumba katika mji ule alikuwa na namna ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwingine. Aliandika mstari mzima wa Biblia bila kuusoma. Kwanza alichora vijiti vyote vilivyosimama, halafu vilivyolala, halafu matumbo ya herufi, hivyo maneno yote yakazaliwa kwa pamoja, kama sura inavyojitokeza kwenye kioo ukikifuta mvuke. Mji mzima ulimwita Herufi, hata mkewe. Ukimwuliza ameandika nini, alirudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akasema, "Sijui, lakini imekaa sawa."

Kuta hazilingani urefu. Kwa hiyo Herufi alikata mstari pale ukuta ulipokwisha. Ndivyo duka moja la vyombo lilivyopata maandishi mekundu marefu kuliko mlango: HAYA YOTE NITAKUPA. Mwenye duka aliyapenda, wateja waliyapenda zaidi. Mpaka siku moja mkunga mstaafu, mama aliyefundisha darasa la Biblia kila Jumapili alasiri, alipoingia kununua sufuria.

"Nani aliyasema haya, mwanangu?" alimwuliza mwenye duka.

"Si Mungu, Mama Mkunga?"

"Shetani. Alikuwa akimjaribu Yesu mlimani. Na sharti lake, kwamba asujudiwe, limebaki huko kwenye kona."

Mwenye duka aliomba kopo la rangi nyeupe siku hiyo hiyo. Mkunga hakumgombeza Herufi. Alimwita aje kuandika kwenye ukuta wa darasa yale maneno ambayo mtu hawezi kuichunguza Biblia bila kuyajua. "Ila safari hii," akamwambia, "utasoma unachoandika."

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, chenye mabenchi ya shule na dirisha lisilofunga. Nilimsindikiza kwa udadisi tu. Herufi akapanda ngazi, mkunga akawa anafundisha chini yake, neno kwa neno.

MUKTADHA. "Mstari ni kama mtu," alisema mkunga. "Una waliotangulia na watakaofuata. Ukiukuta peke yake barabarani, uulize kwao ni wapi kabla hujaukaribisha ndani."

AINA YA ANDIKO. "Wimbo hausomwi kama sheria. Barua haisomwi kama ndoto ya nabii."

MSOMAJI WA KWANZA. "Kuna waliosikia maneno haya kabla yenu. Jiulizeni wao walielewa nini."

Kisha yakaja mawili, yakaandikwa sambamba: KUTOA MAANA, KUTIA MAANA. Hapo mkunga alikunja mikono. "Nimezalisha nusu ya mji huu. Sijawahi kumtia mtoto tumboni. Nilimtoa aliyemo, hata kama baba yake alishanunua nguo za mtoto wa jinsia nyingine."

Darasa likacheka. Herufi hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, brashi ikichuruzika juu ya kiatu chake, akilitazama neno la mwisho kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote. Alipomaliza alishuka, akakaa benchi la nyuma. Hakukosa Jumapili yoyote tangu hapo.

Nyumbani kwake, hata hivyo, kulikuwa na moto unaofuka. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na dereva wa lori, na karibuni wangehamia mbali, safari ya siku kadhaa. Herufi hakumpenda mkwewe. Dereva ni mtu wa njiani, alisema, na mtu wa njiani ana kitanda kila kituo. Kila jioni alirudia mezani wimbo ule ule: "Siku nikisikia amelia, naenda huko huko, namrudisha na mizigo yake."

"Utamrudisha kwa baiskeli yako ile?" mkewe alimwuliza.

"Hata kwa miguu, mama watoto."

Binti hakuchukulia mzaha. "Baba, sitaki kuondoka hapa kama mwizi. Nataka baraka yako, sio kitisho chako. Ukishindwa kunipa, nitakwenda bila hiyo, na nitaumia maisha yangu yote." Kisha akataja zawadi anayoitaka: aandike nyuma ya lori la mumewe ule mstari wa kuomba Mungu atuangalie mimi na wewe, tukiwa hatuonani.

Mstari huo nimeuona katika lugha nyingi. Nimeuona ndani ya pete, kwenye vidani vilivyokatwa nusu kwa nusu ili wapendanao wagawane, juu ya lango la makaburi. Siku zote niliudhani ni neno la mahaba. Herufi naye aliudhani hivyo, lakini sasa hakukaribisha mstari kabla ya kuuliza kwao. Akafungua kitabu cha Mwanzo, akaanza mbali, kwa kidole.

Nilimsikia akivuta pumzi. Walioagana pale hawakuwa wapenzi. Ni mjomba na mpwa wake, ambaye pia ni mkwewe, watu waliochezeana hila miaka na miaka. Mpwa ametoroka na wake zake, binti za huyo mjomba, naye mjomba amemfukuzia mpaka mlimani. Wamerundika mawe, na pale kwenye rundo baba anamwambia mkwewe: ukiwatesa binti zangu, hata pasipo na mtu wa kuona, Mungu anakuona.

"Mimi huyu!" Herufi aligonga meza. "Mtu ameniandika kabla babu wa babu yangu hajazaliwa!"

Asubuhi alitoka na makopo yake huku anapiga mluzi. Angeuandika mstari ule kwa herufi ndefu kama mtu mzima, mkwe aendeshe akijua anatazamwa mgongoni na jicho lisilolala. Tukampitia mkunga ili Herufi ajisifu kidogo.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Umetoa vizuri," alisema. "Uliishia wapi?"

"Pale anapomwonya."

"Kwa nini pale?"

Herufi akafikiri. "Basi tu, Mama. Ilikuwa imetimia."

"Ukuta wako uliishia hapo," mkunga alisema taratibu. "Endelea kusoma."

Alisoma kwa sauti, akiwa amesimama mlangoni, kopo la rangi kwenye kiwiko. Rundo lile la mawe lilikuwa shahidi wa wote wawili. Mpwa asilivuke kwenda kwa mjomba kwa ubaya. Lakini aliyetangulia kuapa ni mjomba: mimi sitalivuka rundo hili kuja kwako kwa ubaya. Na kulipokucha, baba akawabusu binti zake na wajukuu, akawabariki, akageuka, akarudi kwake.

Herufi aliweka kopo chini. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo. "Kumbe na mimi nimo. Nilidhani nimo upande mmoja tu."

Nilitazama kile kitabu mkononi mwa Herufi, kimechakaa, kina alama ya kidole chenye rangi. Nimesoma maandiko hayo katika lugha kadhaa. Sikuwahi kuona yakimgeukia mtu na kumtazama hivyo.

Siku ya safari lori lilisimama nje ya nyumba, mizigo imefungwa turubai. Nyuma palikuwa patupu. Herufi alimwita mkwewe pembeni, akamsimulia habari nzima, tangu utoro mpaka alfajiri ile, bila kukata popote. Kisha akasema, "Binti yangu nimekupa. Ukimtesa, anayeona anaona. Na mimi nakuapia: sitakuja kwenu kwa ubaya. Nikija, nimekuja kama baba yenu wote wawili."

Dereva alikuwa amezoea kuchambwa na mzee huyu. Alisimama akizungusha funguo kidoleni, akazikamata.

"Baba, usiandike nyuma," alisema. "Nyuma watasoma wengine. Niandikie ndani, juu ya kioo cha mbele, ninaposoma mimi."

"Nafasi pale ni ndogo, mwanangu. Mstari hautatosha."

"Punguza herufi."

Herufi akapanda kwenye kiti cha dereva na brashi yake nyembamba kuliko zote. Aliandika herufi moja baada ya nyingine, tangu mwanzo, midomo ikitembea. Aliandika onyo, kisha kiapo cha mjomba, mpaka nukta ya mwisho ikagusa ukingo wa kioo. Mkewe alichungulia mlangoni. "Leo umesoma?"

"Leo nimesoma."

Alishuka, akambusu binti yake kwenye paji la uso, akambariki kwa sauti iliyosikika barabara nzima, akachukua makopo yake. Lori lilipowashwa, alikuwa ameshageuka kurudi nyumbani.