Kiwanja Kisicho na Mti

Hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilizibeba zote hadi Buswelu. Nilikuwa nimestaafu uuguzi huko Geita, narudi kujenga kwenye kiwanja nilichonunua nilipoanza kazi. Miaka ile yote sikukanyaga pale. Kivuko cha Busisi kilikuwa kisingizio changu kikubwa. Daraja la kuvukia pale lilipokamilika, jirani wa kiwanja akanipigia simu: kuna mtu amejenga humo, tena siku nyingi.

Nilimkuta bibi mmoja anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, mbele ya kijumba cha tofali za tope. Alikuwa amenizidi umri, kwa hiyo kabla sijamfukuza nikajikuta nimemwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwenye kiwanja?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, swali likanivuruga. Nikamwonyesha hati, nikampa mwezi mmoja ahame. Hakubisha. Aliniambia tu kwamba mume wake alipofariki mashemeji walimtoa shambani kule Usagara, na kwamba hapa alikuta pori.

Jirani alinivuta pembeni. "Angetaka angekushinda. Watu wamemwambia aende baraza la ardhi, akadai pawe pake kwa sababu ya miaka aliyokaa. Amekataa."

Ndipo nikaangalia vizuri. Mihogo, viazi, mtama. Hakukuwa na mti hata mmoja, na jua la saa saba lilituchoma wote. Kwetu Usukumani anayelima shamba la kuazima hapandi mti, kwa sababu kupanda mti ni kusema ardhi ni yako. Huyu bibi hakuna aliyemwazima wala kumkataza. Alikaa juani miaka yote hiyo kwa heshima ya mtu asiyemjua.

Niliona aibu, sifichi. Wiki ile ile tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaandikishana: upande wenye kijumba ni wake, uliobaki ni wangu. Wanangu waliniambia nimezeeka vibaya. Niliwajibu kwamba nitazeekea pale pale, na jirani mzuri ninaye.

Mpimaji alipochomeka kigingi cha mwisho, bibi alizunguka nyuma ya nyumba akarudi anaburuta ndoo kuukuu. Ndani yake kulikuwa na mparachichi uliomfikia kifuani.

"Ndoo ni yangu," alisema. "Udongo tu ndio niliochota kwako. Unisamehe."