Nataka Taka

Uji wa muhogo ukishika chini ya sufuria hutoa harufu ya uchachu na moshi ambayo, ndugu yangu, mimi hainipiti hivi hivi. Juzi jirani yangu hapa Morogoro aliunguza wa kwake. Niliacha kufua, nikasimama uani na mapovu mikononi mpaka harufu ilipokwisha. Nilikuwa nimeshafika Katubuka nilikokulia.

Kwetu Katubuka uji huo haukuwa wa kunywa. Ulikuwa gundi. Mama alikuwa akitengeneza mkaa kwa taka: maganda ya mihogo, maganda ya ndizi, makapi ya chikichi yaliyokwisha kukamuliwa mawese. Alizikausha, akazijaza kwenye pipa, akawasha, kisha akaziba kwa udongo ili ziungue polepole zisiishie kuwa majivu. Tukazitwanga, tukachanganya na uji, tukafinyanga matonge meusi ya ukubwa wa ngumi na kuyaanika juani. Yakikauka huwaka bila moshi, na machache tu yanaivisha sufuria ya maharage. Mara moja nilijitia ujuzi, nikatia kwenye mchanganyiko mabaki ya dagaa niliyoyazoa mwaloni Katonga, wavuvi wanakoshusha samaki. Lo! Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu, na mteja mmoja akaja kulalamika kuwa chai yake inanuka ziwa. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Taka zenyewe alizifuata Ujiji, mlango kwa mlango, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi. Mama alikuwa Muha wa Kidahwe, Kiswahili alikijulia ukubwani, na hakuwa na maneno ya kuzunguka. Alisimama mlangoni akaita, "Hodi! Nataka taka!" Basi watoto wa Ujiji, ambao kwa utani hawana mpinzani, wakalifanya ndilo jina lake. Huyoo, Nataka Taka! Mwenyewe alicheka nao. Mimi sikucheka. Nilikuwa darasa la tano, umri wa kuonea aibu hata kivuli chako.

Rafiki yangu wa shuleni alikuwa Zuhura. Kwao ni Ujiji, watu wenye asili ya Kongo, na mama yake alikuwa mpishi wa shughuli. Kukiwa na harusi, ua wao ulijaa maganda hadi ukutani, na vicheko navyo vilijaa vivyo hivyo. Nilipenda kwenda pale kuliko mahali popote. Nilikuwa nimemwambia Zuhura kwamba mama yangu ni fundi cherehani. Jumamosi moja tulikuwa uani tukicheza mdako, mara nikasikia ile sauti mlangoni.

"Nataka Taka huyo!" Zuhura akaangua kicheko. "Unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Mama alikuwa ameshaingia. Alisikia. Mama Zuhura, aliyekuwa akimenya vitunguu, alinikazia macho.

"Ndiyo humwamkii mtu mzima? Kwenu hamfundishwi?"

Nikainuka. "Shikamoo, mama."

Unakijua Kiswahili chetu: kila mwanamke mzima ni mama, na kila mtoto ni mwanangu. Ukitaka kujificha ndani ya maneno hayo, nafasi ipo. Nyumbani Mama aliniita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kiha, siku zote, hata akiwa amenikasirikia. Pale alinitazama kidogo tu, akasema kwa Kiswahili, "Marahaba, mwanangu. Chezeni salama." Akajaza ndoo zake, akaomba kutwishwa. Zuhura ndiye aliyemtwisha. Mimi nilikuwa nazihesabu kokoto zangu.

Jioni nilijiandaa kwa fimbo. Hakunigusa. Alinisogezea karai tukafinyanga matonge, akanisimulia habari za mbuzi wa kaka yake aliyekula sare ya shule, nami nikajiambia, afadhali, hakusikia. Mtoto hujidanganya upesi. Tangu siku ile sikumwona tena kwa kina Zuhura, na nikamshukuru Mungu. Fikiria, nilishukuru! Niliendelea kwenda kucheza pale mpaka tulipomaliza darasa la saba.

Mama alifariki mwaka juzi. Siku ya pili ya msiba mama Zuhura alikuja, sasa mzee wa kushikwa mkono, akakaa nami mkekani. Nikaona bora nikitoe kile kitu moyoni.

"Mama," nikamwambia, "yule aliyekuwa akija kuchukua taka kwenu..."

Akanikatisha. "Tulijua siku ileile. Kwa pua hiyo, ya mama yako mtupu, ulikuwa unamficha nani?"

Akaniambia kwamba kesho yake, Jumapili, nikiwa kanisani, Mama alikwenda kwake mikono mitupu. Aliomba mambo mawili. Maganda yawekwe nyuma ya nyumba, atakuwa akiyachukua alfajiri kabla sijafika. Na mtu yeyote mle ndani, Zuhura akiwamo, asinioneshe kwamba wanajua.

"Nilimwambia, huyo mtoto anataka viboko," mama Zuhura akasema. "Akakataa. Akasema, 'Ataona haya, ataacha kuja. Hapa kwako anacheka. Kwangu anafanya kazi tu.'"

Miaka miwili na zaidi! Nyumba nzima ilinibebea uongo wangu, Zuhura na ulimi wake ule usiojua kutulia, kwa sababu mwanamke wa ndoo aliwaomba. Jamani, nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimficha Mama.

Nililia. Akina mama wakanishika mabega, wakaniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Hawakujua. Nilikuwa nazililia zile alfajiri, mama yangu akinyata nyuma ya nyumba ya watu, akijitwisha mwenyewe, ili mimi nisikose kucheza.