Mgeni Simama, Mgeni Kaa

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, msije mkaniambia bibi angesamehe. Mmefumbua macho mkakuta dada yenu mkubwa yuko jikoni anachoma vitumbua na kuimba, mkadhani mambo yalikuwa hivyo siku zote. Hayakuwa. Na aliyetufanyia yale yungali hai, anashiba, anaitwa mheshimiwa barabarani. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kusahau sikufundishwa hata huko.

Dada yenu alikwenda Arabuni kufanya kazi za ndani. Aliyempeleka ni wakala wa hapa hapa, shemeji yake mbunge wetu. Kila mtu alijua ni shemeji yake na hakuna aliyelisema kwa sauti. Mtoto alipofika, tajiri wake akamnyang'anya paspoti akaifungia kabatini. Kazi toka alfajiri, chakula makombo, mlango wa nje umetiwa kufuli. Simu anajificha nayo msalani, ananong'ona maji yakimwagika asisikike: "Bibi, nitoe. Bibi, usiniache huku." Mimi namwambia vumilia mwanangu, nakuja kukutoa. Nitamtoaje, mimi mwenyewe Dar es Salaam naijua kwa kusikia?

Nikaenda kwa wakala. Akanambia mkataba haujaisha, akaendelea kuchokonoa meno. Nikamfuata mbunge alipokuja mazikoni mtaani kwetu. Akanishika mikono yote miwili mbele ya wanawake wenzangu.

"Shikamoo bibi. Jambo hili niachie mimi. Nitamuuliza Waziri wa Mambo ya Nje ndani ya Bunge, na wewe utakuwepo, utasikia kwa masikio yako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Msibani, fikirieni.

Basi akatutia kwenye basi la wageni wake, tukaenda Dodoma. Getini askari wakatupekua. Binti mmoja wa polisi akafungua kifuko changu cha tambuu.

"Bibi, hii nyeupe ni nini?"

"Chokaa."

"Chokaa ya nini?"

"Ya tambuu, mwanangu. Kwenu hamna wazee?"

Akacheka, lakini kifuko kikabaki getini pamoja na simu zetu. Nikaingia Bungeni nimekauka mdomo.

Tukapandishwa jukwaani, juu, tunawatazama wao chini kama mtu anavyotazama ua wa jirani kutoka ghorofani. Spika akaingia, dua ikasomwa, watu wakakaa, maswali yakaanza. Maji ya vijiji, barabara, zahanati isiyo na paa. Mbunge anauliza, naibu waziri anasimama na karatasi yake anasoma, anakaa. Jirani yangu niliyekwenda naye, mwanamke wa Kipemba aliyekuja kuolewa kijiji cha Moa kisha akahamia kwetu, alikuwa ananiminya goti kila swali likiisha.

Ikafika Mambo ya Nje. Mbunge mmoja mwanamke, wa mkoa mwingine kabisa, akauliza Serikali inafanya nini juu ya mabinti wanaoteswa kwenye kazi za ndani nchi za nje. Naibu waziri akajibu kwamba balozi zetu zinaendelea kufuatilia. Spika akauliza nani ana swali la nyongeza. Wetu akasimama. Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka mbele yake.

"Anamtaja sasa," jirani akanong'ona.

Akamshukuru Spika. Akampongeza waziri. Akampongeza naibu waziri. Kisha akasema: "Kwa kuwa vijana wetu wana shida kubwa ya ajira, je, Serikali haioni haja ya kupunguza masharti kwa mawakala, ili mabinti wengi zaidi wazipate fursa hizi?"

Wakapiga meza. Akakaa.

Jirani akanambia, "Labda atasimama tena." Hakusimama. Mjukuu wangu yuko msalani anamwaga maji, na mtu niliyemtuma akamtoe ameomba wapelekwe wengine.

Maswali yalipokwisha Spika akaanza kutangaza wageni. Akafika kwetu: wageni wa mheshimiwa fulani kutoka Tanga, wamekuja kujifunza namna Bunge linavyofanya kazi. "Wageni wetu, simameni mlipo."

Sasa nyie sikieni. Kwetu, kwenye kikao cha mtaa, cha harusi, cha madrasa, mtu akiambiwa simama maana yake kapewa nafasi ya kusema. Hasimamishwi bure. Nikasema alhamdulillahi, kumbe yeye alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe! Nikasimama, nikaweka ukaya wangu sawa kichwani, nikapaza sauti:

"Bismillahi. Mimi nina mjukuu wangu Arabuni, paspoti yake..."

Kicheko kikatoka kule chini, kikaenea. Kijana mwenye suti nyeusi akaja mbio, akaniwekea mkono begani. "Bibi, hapa husemi. Hapa unasimama, unapunga mkono, unakaa."

Nikamtafuta mbunge wetu kwa macho. Alikuwa anacheka na wenzake, anapiga meza, ananipungia.

Nikakaa. Lakini kicheko kile nilishuka nacho, nikarudi nacho Tanga, na mpaka leo ninacho.

Mchana akatulisha wali na kuku. Akaja mezani kwetu amejaa bashasha. "Bibi, umetuchangamsha leo! Muda ulikuwa mdogo, lakini jambo lako limepokelewa, linafanyiwa kazi."

"Muda ulikuwepo," nikamwambia. "Umempa shemeji yako."

Bashasha ikamtoka. Akahamia meza nyingine. Mimi sahani ile sikuigusa.

Aliyemtoa dada yenu ni jirani yangu. Ana nduguye wa kike wa toka nitoke, Mpemba, kakaa Arabuni miaka mingi; akampigia simu. Nduguye huyo akaenda na mumewe kwenye nyumba ile baada ya sala ya Ijumaa, wakakaribishwa sebuleni kwa kahawa, na wakakataa kuondoka. Wamekaa tu. Kahawa imekwisha, wamekaa. Wageni wengine wa nyumba wanaingia, wanawakuta, wanauliza hawa kina nani, nao wanaeleza. Mpaka Magharibi tajiri aliona haya mwenyewe, akaileta paspoti.

Mtoto akarudi amebaki mifupa. Hata begi hajafungua, nikasikia magari nje. Mbunge, na watu wa kamera. "Tumekuja kumpokea binti yetu, baada ya juhudi kubwa tulizofanya."

Binti yetu!

Nikamwambia jirani aite wanawake wa mtaa, waje na masufuria. Nikamtandikia mbunge mkeka uani, kwenye jua. Nikakaa barazani kivulini na tambuu yangu, taratibu, naye anangoja. Kamera zinawaka. Wanawake walipojaa nikasema:

"Leo tuna mgeni. Amekuja kujifunza namna nyumba hii inavyofanya kazi. Mgeni, simama ulipo."

Akasimama, anatabasamu. Wanawake wakapiga masufuria. Akafungua mdomo: "Ndugu zangu, mimi kama mbunge wenu..."

"Hapa husemi," nikamwambia. "Hapa unasimama, unapunga mkono, unakaa."

"Bibi, nisikilize kidogo..."

"Jambo lako limepokelewa. Linafanyiwa kazi. Kaa."

Jirani yangu akapiga sufuria kwa mwiko. "Kaa, mheshimiwa! Spika kasema!"

Wote wakaangua kicheko, na dada yenu, aliyekuwa hajacheka tangu ashuke, akacheka dirishani mpaka akashika ukuta. Mbunge akabaki kati, hajui akae au aende. Wale wa kamera nao walikuwa wanacheka. Jasho lilimshuka shingoni, midomo ikamkauka, akaomba maji.

Mama yenu akainuka kwenda mtungini. Najua dini inasemaje juu ya mgeni mwenye kiu. Hilo nitakwenda kulijibu mwenyewe. Nikamrudisha, nikawaambia wa nyumbani kwangu wote, na yeye anasikia:

"Mtu huyu akija hapa, leo na siku zote, nikiwepo na nikiwa sipo, atandikiwe mkeka juani, aambiwe asimame, aambiwe akae. Maji asipewe."